Neno Alilolichukua Mama

"Usiseme wewe ni 'good'," nilimwambia Mama. "Hata soda ni good."

Mama alinyunyizia maji kola ya shati la jirani kwa vidole. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kupiga pasi hotelini, mshahara wa kila mwezi badala ya kungojea nguo za majirani, na wasailiwa wangejieleza kwa Kiingereza kidogo.

"Basi nipe lako, msomi wangu."

Nikampa 'reliable': mtu wa kutegemewa. Hapewi mtu neno hilo kwa wema wa siku moja, nikamweleza. Ni mpaka watu wakuegemee, wakukute hujasogea.

"Rilayabo. Linateleza kama sabuni!" Lakini wiki nzima alilirudia, pasi ikienda na kurudi.

Asubuhi ya usaili, umeme ukakatika. Sare ya jirani yetu mlinzi ilikuwa bado imekunjamana, naye angeipitia akienda zamu.

"Mama, twende! Aivae hivyo hivyo, kwani anaoa?"

"Nilimwambia ataikuta tayari."

"Kazi itakuponyoka!"

"Kwani hilo neno lako lina likizo?"

Akavuta pasi ya mkaa kutoka uvunguni. Machozi yalinilenga, lakini nikashika kipepeo, nikapepea makaa. Mlinzi alipofika, sare ilikuwa imenyooka.

Hotelini tulimkuta msimamizi wa madobi akifunga mlango wa ofisi. "Tumemaliza, mama."

Mama hakusogea. "I am late," akasema, "because I am reliable."

Msimamizi akacheka. "Umechelewa, na ni wa kutegemewa? Hayo mawili hayalali kitanda kimoja!"

Mama akamweleza habari za sare, safari hii kwa Kiswahili. Gauni lake bado lilinuka moshi.

"Na nikikuajiri, mlinzi wako akija tena asubuhi?"

"Sitapokea nguo yake. Ahadi itakuwa yako."

Msimamizi akamtazama, kisha akaonyesha rundo la mashuka kwenye meza kando ya mlango. "Yale yanatakiwa saa sita. Niahidi."

Nikaomba kimoyomoyo: Sema ndiyo, Mama, sema ndiyo tu.

Mama akayashika, akayapindua, akapima unyevu kwa kiganja.

"Saa sita siwezi," akasema. "Saa saba."

Msimamizi akafungua tena mlango, akamsogezea pasi.

"Saa saba, basi. Nitakuja mwenyewe kuyachukua."

Mama alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.