Kilo za Mwaka Juzi

Mizani ya zahanati iliharibika mwaka juzi, na tangu hapo boksi la msaada wa watoto waliokonda likawa linagawiwa bila mtoto yeyote kupimwa. Unga, mafuta, sukari, biskuti zenye virutubisho: mama mmoja, mpiga pasi, alilibeba kichwani kila mwezi huku akimwomba Mungu fundi asitokee. Fundi akatokea. Tangazo likabandikwa mlangoni: watoto wote wapimwe upya, aliyefikisha uzito atolewe.

Mpiga pasi akalisoma mara mbili. Kadi ya kupokelea boksi ilikuwa ya binti yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge. Zamani hakuwa bonge. Akiwa na miaka mitano alikonda hadi hata nguvu ya kulia ikamwisha, na mama mtu, baada ya kushinda akinyoosha mashati ya watu, alilala mkono ukiwa kifuani kwa mtoto ahakikishe anapumua. Boksi ndilo lililomwokoa. Tangu hapo mama hakujua tena kusema "inatosha." Sahani ilijazwa, ikajazwa tena, majirani waliponong'ona, yeye aliona ni kijicho tu. Sasa binti ana miaka minane, akipanda ngazi tatu anahema na kushika ukuta, na mama bado anayatazama yale mashavu kama cheti alichotunukiwa.

Lakini cheti hicho kingewanyima boksi, na mshahara wa pasi haukufika katikati ya mwezi. Akafungua kadi, akasoma kilo zilizoandikwa mara ya mwisho. Akaenda duka la nafaka, akaomba mizani, akampandisha Kijiti, mdogo wake Bonge, mwenye miaka sita. Kilo zikalingana sawasawa! Akashangilia kimoyomoyo.

Siku ya kupimwa, Bonge aliambiwa akae kwenye benchi la nje, asiingie hata kwa dawa. Ndani, muuguzi alimpima Kijiti uzito, akampima urefu, akatazama kadi, akampima tena. Uso ukambadilika.

"Mama, huyu kweli ana miaka minane?"

"Ndiyo, sista. Si imeandikwa hapo?"

"Miaka miwili hajaongezeka hata kilo moja, hata urefu! Watoto hukua, mama. Huyu ana ugonjwa mkubwa. Hatoki hapa, naita gari limpeleke hospitali kubwa sasa hivi."

Hilo la watoto kukua halikumpitia mpiga pasi kichwani hata mara moja. Kabla hajapata uongo wa pili, muuguzi alishatoa kichwa mlangoni akimwita dereva, akataja jina lililo kwenye kadi kwa sauti ya kufika barabarani: miaka minane, hali mbaya.

Bonge akaingia mbio, anatweta, machozi yanamtoka.

"Mama, naumwa? Nitakufa?"

"Si wewe," Kijiti akamtuliza. "Leo wewe ni mimi."

Mpiga pasi akamkumbatia mkubwa, akasema yote. Aibu ilimchoma, lakini ile hofu machoni mwa mtoto ilimchoma zaidi. Muuguzi hakugomba. Alimpima Bonge, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaeleza taratibu kwamba moyo wa mtoto huyu unabebeshwa mzigo wa mtu mzima, na kwamba sukari na biskuti zile zilikuwa za kumwinua aliyekonda, si za kumlisha miaka yote. Kisha akaifunga kadi kwa mhuri.

"Sasa nimpe nini, sista? Mboga na matunda mnagawa?"

"Mpango ni wa waliokonda tu, mama. Wa hawa wengine haujaja."

Wakarudi mikono mitupu. Njiani Bonge akauliza, "Mama, nikikonda kama zamani, watatupa tena boksi?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Mimi naweza. Naanza leo, Kijiti ale changu."

Mpiga pasi akasimama katikati ya njia. Miaka mitatu alikuwa akiilinda nyumba yake njaa isije kumchukua mtoto huyu, na sasa mtoto mwenyewe alikuwa tayari kuifuata kwa ajili yao. Akachuchumaa, akayashika yale mashavu kwa mikono miwili, akalia mbele za watu.