Vitambaa Vyeupe vya Basi la Maua

Jerotich alizeeka nyuma ya kile chuma. Basi la shamba la maua lilikuwa limekatwa katikati na bomba la chuma: mbele viti laini vyenye vitambaa vyeupe, vya watu wa ofisi, nyuma viti viling'olewa ili wavunaji wa waridi wasimame wengi zaidi na gambuti zao za matope miguuni. Kiti cha mbele kikikosa mtu, kilibaki kitupu kwa heshima.

Hatimaye wakampandisha cheo, akawa msimamizi. Akasuka nywele, akanunua mkoba. Jumatatu angekaa mbele, mtaa mzima wa Kihoto umwone.

Jumapili Kihoto nzima ikakubaliana kutolipanda basi hilo tena. Kisa, jirani yake Wachuka alishikwa na kizunguzungu akakalia kiti kitupu cha mbele. Kibii, mkuu wa wafanyakazi, alimwinua, akakivua kitambaa kikafuliwe, Wachuka akitazama.

"Hawangengoja hata wiki moja?" Jerotich alinung'unika. Watu gani hawa, wanakasirika mwenzao akishanunua mkoba?

Jumatatu akapanda. Njiani wakawapita wenzake wakikanyaga matope. Wachuka akampungia mkono.

"Sasa, mkubwa! Kiti iko na joto?"

"Hiyo ni wivu!" Jerotich akajibu dirishani. Kisha akageuka nyuma aone sura za wale anaowazidi. Hakukuwa na mtu. Raha yote ikamwishia pale pale. Kilichobaki ni sponji iliyochoka.

Jumanne Kibii alipanda akiwa hana raha.

"Jerotich, basi ikifika getini bila watu nyuma, mkurugenzi ataona vibaya. Hebu enda usimame kule."

"Lakini mimi ni supavaiza."

"Najua, hongera sana. Simama karibu na dirisha, ujitanue kidogo, uonekane wengi."

"Na Sally?"

"Sally ni wa ofisi," Kibii akasema. Sally, karani wa hesabu, akakubali kwa kichwa, mpole kama malaika.

Jerotich akainuka. Hata hajasimama sawasawa, mkono wa Kibii ulikuwa umeshakivua kitambaa alichokiegemea.

"Dalmas, simamisha gari," Jerotich akamwambia dereva.

Akashuka, viatu vyake vipya vikazama kwenye matope. Wachuka akamfikia akihema.

"Mkubwa! Wamekuacha?"

"Tembea, mathe. Tumechelewa."

Wanawake walimcheka hadi getini, na alistahili.

Waridi nazo hazikuwangoja wavunaji wanaokuja kwa miguu. Zilichanua zikiwa bado kwenye mashina, na waridi iliyochanua hainunuliwi ng'ambo. Alhamisi jioni Dalmas akawaletea habari akijishika mbavu.

"Leo ilikuwa zamu ya Sally kuwa wengi. Ameshuka akilia. Kibii amebaki peke yake, amekaa nyuma yangu, ananiangalia kisogo. Eti dereva hawezi kaa mbele ya bosi."

"Ukamwambia nini?" Jerotich akauliza.

"Nikamwambia, boss, shika usukani."

Kesho yake akaja fundi wa kuchomelea, akakata lile bomba. Hakuna aliyeomba msamaha. Waliambiwa ni matengenezo ya kawaida. Jumatatu viti vya nyuma vilikuwa vimerudishwa, na wote wakapanda.

Jerotich alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha Jumanne. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, cheupe kabisa. Akakivua mwenyewe, akampa Wachuka.

"Shika, mathe. Panguza gambuti."

Wachuka akapanguza ya kushoto, akapanguza ya kulia, kisha akakirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha vizuri, akakaa, akakiegemea.