Mwimo wa Mlango wa Darasa la Tatu

Shule yetu ya kando ya ziwa siku hizi ni nyumba ya wageni wa mapumziko. Pale watoto walipochapwa kwa kuchelewa, wenye nafasi wao wanalala mpaka saa nne. Sina neno. Majengo nayo hubadilisha kazi kama watu.

Changu kilichobaki pale kilikuwa kimoja. Kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu aliwasimamisha watoto kwenye mwimo wa mlango wa darasa la tatu, akakata alama kwa kisu juu ya kichwa cha kila mmoja. Ya binti yangu, tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, ilikuwa pale. Homa ilimchukua kabla shule hazijafunguliwa. Picha hakuwahi kupigwa.

Nilipokuwa nikifua mashuka ya wageni niliigusa kila asubuhi. Miguu iliponigomea, mwaka wa kumi na tano huu, nikabaki kuigusa kwa mawazo.

Juzi mwalimu wa historia wa shule mpya akaja kunichukua. Wanafungua chumba cha kumbukumbu za shule na mtaa.

"Bibi, na mwimo wenu tumeung'oa, umo. Njoo umwone Kijiti."

Nikavaa gauni langu la kutokea.

Fundi seremala alitupokea kwa bashasha. "Karibu, bibi! Ulikuwa umejaa mikwaruzo huu. Nimeupiga randa, msasa, vanishi mara mbili. Sasa unaweza kujitazama humo ukachana nywele!"

Nikapapasa. Laini kama shavu.

Mwalimu akashika kichwa. "Fundi, mikwaruzo ndiyo historia yenyewe!"

"Si uliniambia niusafishe?"

Kisha fundi akaniona uso, akaelewa. Akavua kofia. "Nisamehe, mama yangu. Nionyeshe ilipokuwa, niikate upya."

Nilikuwa napajua. Alama ilinifika kifungo cha pili cha gauni. Nikasimama wima, nikapeleka kiganja kutoka kifuani hadi kwenye mbao. Fundi akatoa kisu.

"Ngoja kwanza."

Zamani nilianika shuka kwenye kamba ya juu bila kuinua visigino. Leo naomba kigoda. Nimefupika, kwa vidole viwili, kwa vinne, nani alinipima mimi?

Kisu kilikuwa bado hewani.

"Kirudishe, baba," nikamwambia. "Nisije nikampunguza mwanangu."