Jiwe la Mama Sululu

Winfrida Machage alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kutoa fotokopi pale Nyamongo, na kati ya mteja na mteja alichora katuni kwenye simu yake. Mhusika wake alikuwa Mama Sululu, mwanamke mchimbaji mwenye mdomo, anayegombana na matajiri wa maduara, yale mashimo ya dhahabu, anayetongozwa na kila mwendesha karasha la kusagia mawe na kuwakata maini wote.

Mwaka wa kwanza alisomwa na watu thelathini, nusu yao ndugu zake. Hakukata tamaa. Kila Ijumaa aliweka sehemu mpya kwenye ukurasa wake, na kila aliyeandika neno alijibiwa. Aliyesifu alishukuriwa, aliyetukana alitaniwa mpaka akacheka mwenyewe, aliyelalamika kwamba kofia ya mchimbaji imechorwa vibaya alikuta Ijumaa inayofuata imerekebishwa. Watu wanapenda kuonekana, bwana. Wachimbaji wakaanza kusomeana katuni wakisubiri zamu, na kufikia msimu wa mahindi wafuasi walikuwa elfu kumi na moja. Winfrida akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Ijumaa moja akachora Mama Sululu ameota ndoto: dhahabu iko chini ya jiwe kubwa lililopasuka katikati, kando ya mkuyu. Jiwe hilo hakulitunga. Liko kijijini Susuni, shambani kwao, na hapo ndipo alipokuwa akichezea utotoni. Alilichora kwa mapenzi, ufa kwa ufa. Kitu kimoja tu alikiacha: kaburi la baba yake, lililo hatua chache kutoka kwenye jiwe. Kaburi lingewatia watu simanzi kwenye katuni ya kuchekesha, alijiambia, akachora nyasi mahali pake.

Msomaji mmoja, Ryoba, akaandika: "Hilo si jiwe la kwa mzee Machage, Susuni?"

Winfrida, kwa furaha ya kutambuliwa, akamjibu harakaharaka: "Umepatia, kaka! Wewe kiboko." Akaweka na kimoyo chekundu.

Sasa wewe mwambie mchimbaji kwamba ndoto ni mchezo. Watu hawa wamewahi kufukua kilima kizima kwa ndoto ya shemeji wa mtu. Jumatatu asubuhi mama yake, Mokami, akapiga simu.

"Winfrida, kuna watu shambani wanachimba. Wanasema wewe ndiye umewatuma. Nawaambia kuna kaburi, wanasema kwenye picha yako halipo."

Akaandika palepale ukurasani kwamba ile ni hadithi tu, dhahabu hakuna, na pana kaburi la baba yake. Maoni yakamiminika. "Anatuficha huyo!" "Kaburi limeota leo?" "Dada anataka kula peke yake!" Kila alivyokanusha ndivyo bodaboda zilivyozidi kuelekea Susuni. Akafunga kibanda, naye akapanda moja.

Alikuta watu kama arobaini, mahindi yamekanyagwa, na chini ya mkuyu shimo limeshafika kiunoni. Walipomwona wakashangilia. "Mama Sululu kaja!" Wengine wakatoa simu wapige naye picha. Wengi aliwajua kwa maoni yao, na kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa wanampenda kweli.

Akasimama katikati yao. "Jamani, acheni," alisema. "Dhahabu nimeitunga mimi. Kaburi sijalitunga. Baba yangu kalala hapa."

Kusikia maneno ukurasani ni kitu kimoja, kumwona mtu machozi yakimlengalenga ni kingine. Kelele zikaisha. Ryoba akatoka shimoni akijifuta mikono kwenye suruali.

"Mama alituambia, tukadhani anatufukuza kwa ujanja," alisema. "Liko wapi, dada, tusije tukalikanyaga?"

Winfrida akatazama huku na huku. Kaburi halikuwahi kujengewa saruji, na mvua za miaka tisa zilikuwa zimelisawazisha na ardhi. Alijaribu kukumbuka, lakini kila alipofumba macho aliona nyasi zake mwenyewe za kuchora. Mwishowe akanyoosha kidole upande wa ufa wa jiwe. "Pale."

"Siyo pale," Mokami akasema. Alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi. "Hapo uliposimama wewe. Unamkanyaga kifua."

Winfrida akaruka pembeni. Aibu ilimchoma, akalia mbele ya mashabiki wake bila utani wowote wa kujifichia. Mokami akashuka, akavua kandambili, akalizunguka kaburi polepole, na wachimbaji wakamfuata nyuma wakipanga mawe kila alipopita. Wengine walikuwa wameshaanza kurudisha udongo shimoni.

"Shikamoo mama. Utusamehe," Ryoba alisema.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mliamini mlichoonyeshwa." Kisha akamgeukia binti yake. "Hebu hiyo picha."

Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. "Jiwe lipo. Mkuyu upo. Mpaka ndege umemchora. Tata wako tu, baba yako aliyelala hapa, ndiye aliyekosa nafasi?"

Winfrida akakaa chini, akaifungua katuni, akafuta nyasi kwa kidole na kuanza kuchora mstari wa mawe. Wachimbaji wakamzunguka, kofia mkononi.

Mama yake akachungulia begani. "Refusha," akasema. "Tata wako alikuwa mtu mrefu."

Winfrida akarefusha.