Kwanza Uliza Wenyewe

Katika redio yetu hapa Eldoret, sheria ya matangazo ya vifo niliitunga mimi: kabla hujasoma, piga namba ya jamaa iliyo chini ya tangazo, umwombe akutajie mahali pa mazishi. Wenyeji wanavyopaita, nawe upaite hivyo. Walubengo, mwenzangu, alipowahi kusoma "Kapusereti" hewani, nilimnunia wiki nzima. Marehemu amelima Kapseret maisha yake yote, nikamwambia, leo wewe unamzika pasipojulikana.

Jumatatu mume wangu, Odera, alianguka kazini, akafa kabla ya kufika hospitali. Niliwapikia waombolezaji chai. Nilichagua jeneza. Watu walinisifu kwa kujikaza, lakini sikuwa nimejikaza popote, sikuhisi kitu. Tangazo nililiandika mwenyewe, nikaweka namba yangu chini, nikalituma.

Simu ililia niko jikoni kwangu, mtaa wa Pioneer, naosha vikombe.

"Jebet, pole tena," Walubengo akasema. "Sorry kukusumbua, lakini sheria ni yako. Nyumbani kwa Odera mnapaitaje? Nataka nipaseme vizuri."

Nikasimama na kikombe mkononi. Mimi ni Mkalenjin, mtu wa Soy. Miaka yote ya ndoa ulimi wangu ulikataa kusema Ndhiwa, kwao Odera, kule Ujaluoni. Nilisema Ndiwa, na kila mara Odera alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniambia, "Rudia." Nami nilirudia vibaya makusudi, maana nilikipenda kile kicheko.

"Ndiwa," nikamwambia Walubengo.

Kisha nikangoja Odera acheke. Niligeuka kabisa nikatazama sebuleni, kwenye kiti chake. Friji ilikuwa inanguruma. Koti lake lilikuwa bado limetundikwa pale alipoliacha.

"Ndiwa. Sawa," Walubengo akasema. "Asante."

"Ngoja," nikasema. "Usisome hivyo. Mpigie mama yake, Mama Maximilla, akutajie yeye."

"Kwani wewe hujui?"

"Sijui kupasema. Nilikuwa nasema tu vibaya ndio acheke."

Nikaketi sakafuni, kikombe bado mkononi, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Walubengo hakukata simu.