Dakika Kumi na Moja za Diski

"Kijana, hivi kompyuta inaweza kujiwasha yenyewe?"

Sikuwa nimemaliza hata kufungua kufuli la duka. Nilipogeuka nikamwona mzee nisiyemjua, amekumbatia kompyuta nzito iliyofungwa kwa shuka jeupe, kama aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo, baba. Haiwezi. Labda kuna mtu anaiwasha."

"Marahaba. Basi nisaidie kumjua. Ilikuwa ya marehemu mke wangu. Chumba chake nimekifunga miaka miwili, ufunguo huu hapa shingoni, na nyumba nzima naishi peke yangu. Jana jioni nimeisikia inagonga."

Mwenye duka, tuliyemwita Injinia, alipoingia aliitazama akaangua kicheko. "Hii kompyuta au kabati? Mzee, wenzako wanawekea maua hizi!"

Mzee hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu. Mkewe alipokuwa akiumwa alijirekodi sauti za kumwachia, naye hakuwahi kupata moyo wa kuzisikiliza. Sasa aliogopa zingepotea.

"Ziokoe, mwanangu. Lakini usisikilize hata moja. Alikuwa anazungumza na mimi. Niahidi."

"Nakuahidi, baba."

Nilichomoa diski, nikaiunganisha na mashine yetu na kufungua programu ya kupima afya yake. Nyekundu tupu. Vipande vibovu mia tatu na kumi. Nikiwa natazama, vikawa mia tatu kumi na vinne. Nusura nifanye kosa la wageni wa kazi hii, kuipima diski yote kabla ya kunakili. Diski iliyo taabani ukiikimbiza hivyo unaimaliza. Nikaanza kunakili sauti kwenye flashi, faili moja moja.

Ikagonga. Ikanyamaza. Ikagonga tena.

Katika kusubiri, niligundua kwamba yule marehemu naye alikuwa ameweka programu kama yetu. Ilikuwa ikiandika tarehe na saa kila diski ilipowashwa na ilipozimwa. Niliteremka na orodha hiyo mpaka chini. Miaka miwili yote, kila siku, saa moja jioni. Dakika kumi na moja, kisha inazimwa.

"Baba, saa moja jioni huwa unafanya nini?"

"Nameza dawa. Zamani yeye ndiye alikuwa ananikumbusha."

"Na siku hizi nani anakukumbusha?"

"Sijui," akasema taratibu. "Lakini sijawahi kusahau."

Kazi ilichukua kutwa nzima, mzee akisubiri kwenye benchi la mlangoni. Faili la arobaini na moja, la mwisho, lilikuwa na tarehe ya jana. Saa moja jioni. Dakika kumi na moja. Lilipomaliza kunakiliwa, diski iligonga mara tatu, na haikuwaka tena.

Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu. "Jana?" akanong'ona. "Hebu fungua hilo."

"Nimemwahidi sitasikiliza."

"Ahadi gani? Hapa hatutoi faili bila kulifungua tukahakikisha ni zima. Likiwa bovu, nani atalaumiwa? Fungua, la sivyo kesho usihangaike kuja."

Nilikuwa nimebakiza wiki moja ya majaribio, na mama yangu alishawatangazia majirani wote kuwa mwanawe kaajiriwa. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilitaka kusikia mpaka masikio yakaniwasha. Je, ni mzee anayeingia mle chumbani kisha akasahau? Au ni nani? Jibu lilikuwa chini ya kidole changu.

Nikachomoa waya wa spika. Kisha nikachomoa flashi, nikamkabidhi mzee.

"Umesikiliza?"

"Hata moja, baba. Ila ya mwisho ni ya jana."

Hakushtuka. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani: kumi na mbili na nusu.

"Basi ngoja niwahi," akasema, akatoka kwa haraka, kama mtu anayesubiriwa nyumbani.

Nikavua kitambulisho cha duka, nikakiweka mezani kando ya diski. Ilikuwa bado ya moto.