Haya ya Baba Shantel

Ofisi ya wakili iko ghorofa ya pili, na mume wangu Phanuel hawezi ngazi. Tangu kiharusi kimpige miezi minane iliyopita, upande wake wa kulia umelala. Mubarak, mnunuzi wetu kutoka Matungu, alimbeba mgongoni bila kuombwa. Nikapanda nyuma yao na bahasha yangu: kitabu cha gari, nakala za vitambulisho, picha ndogo za pasipoti. Nilikuwa nimejipanga. Aliyetaka kunitoa kasoro siku hiyo angetafuta pengine.

Tulikuwa tunauza pikapu ya Phanuel. Imekaa uani kwetu Malinya mpaka kuku wanataga ndani, na mimi siwezi kuendesha. Dada yake, Quinter, alikuwa amenitangaza soko zima kwamba namvua mume nguo angali hai, kwamba sina haya. Nilimjibu haya ya nyumba hii anayo kaka yake, aende akamuulize. Maana nilishamuuliza mimi, mbele ya watoto: Baba Shantel, tuuze gari? Akasema, "Haya."

Hilo ndilo neno alilobakishiwa. Mengine yote yalikwenda na kiharusi. Nikuletee uji? Haya. Nikugeuze? Haya. Nilimshukuru Mungu kwa kumwachia hilo, kwa sababu ninavyomjua Phanuel, angebaki na "hapana" tungekoma.

Na nililitegemea neno hilo kwa jambo kubwa kuliko gari, afadhali niliseme hapahapa. Asubuhi aliyoanguka tulikuwa tumegombana. Alitaka kwenda kutazama mafahali wakipigana na kazi imelala shambani, nami nikamwambia, ukianguka huko usiniite. Akaanguka hukohuko uwanjani, hata saa nne haijafika. Wiki ya pili hospitalini nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba anisamehe. Alinitazama, akasema, "Haya." Siku hiyo ndiyo nilianza kula tena.

Wakili Cheptoo ni msichana wa umri wa Shantel wetu. Alimwamkia Phanuel kwanza, mimi baadaye, na hilo lilinipendeza, kwa sababu siku hizi watu wanampita wanakuja kwangu. Akausoma mkataba wote kwa sauti, polepole, akieleza kila kifungu. Mimi nikakitayarisha kidole gumba cha mume wangu, cha mkono wa kushoto ulio mzima, nikakipangusa kwa leso. Wino ulikuwa tayari mezani.

"Mzee," wakili akauliza, "umekubali kuuzia huyu ndugu gari yako?"

"Haya," Phanuel akasema, wazi kabisa.

Mubarak akanong'ona alhamdulilahi. Nikakipeleka kidole kwenye wino. Wakili akaniomba nisubiri kidogo, akasogeza kiti chake karibu na Phanuel.

"Mzee, hii gari ni yangu mimi?"

"Haya."

"Na huyu mama hapa, humjui?"

"Haya."

Alisema vilevile, kwa upole uleule, na uso wake haukubadilika. Nilitamani kumziba mdomo. Wakili akakifunika kile kidau cha wino na kueleza kwamba hawezi kupiga muhuri, kwa kuwa muhuri wake ni ushahidi kwamba mtu ameelewa anachofanya. Kuna njia ya kwenda mahakamani, alisema, nipewe ruhusa ya kumsimamia mali yake. Akaniandikia kwenye karatasi nitakapoanzia. Sikuitazama.

"Lakini hivi ndivyo anakubalinga," nikamwambia, na sauti ilinitoka juu. "Miezi nane yote anakubalinga tu hivi."

"Pole sana, mama. Hata akikataa atasema hivyo."

Nilimchukia msichana yule. Hakuwa na kosa lolote, na nilimchukia hata hivyo.

Mubarak alimbeba tena mpaka chini, akamketisha kwenye benchi nje ya duka la vipuri. Akaniambia nisijali, atangoja hiyo karatasi ya korti, inshallah, kisha akaenda kututafutia tuktuk. Boda boda zilikuwa zikipigiana honi mbele yetu. Nilichuchumaa nimvalishe Phanuel kandambili iliyokuwa imemvuka. Nilijua kuuliza ni ujinga, na nilijua jibu halitanifaa kwa lolote. Lakini miezi minane nimemlisha, nimemwogesha, nimemgeuza usiku na mchana, na moyo wangu umetulia juu ya neno moja.

"Baba Shantel," nikamwambia, "hukunisamehe, sivyo?"

Alinitazama kwa macho yaleyale ya hospitalini.

"Haya," akasema.

Nikamfunga kifungo cha shati, nikaketi kando yake kungoja tuktuk.